Jina la Biashara Yako Limesajiliwa na Mtu Mwingine Mtandaoni: Mwongozo Kamili wa Haki, Sheria na Hatua za Kuchukua

Kusajili jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti kama dukalangu.com, hakuhitaji cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, wala leseni ya biashara. Ukiingia kwa msajili wa majina ya .com na kukuta jina liko wazi, unalipa dola 10 hadi 20 na jina linakuwa mikononi mwako kwa mwaka mzima. Hakuna anayekuuliza kama lipo duka Kariakoo, hoteli Paje au shule Nakuru inayojulikana kwa jina hilo miaka na miaka. Aliyewahi ndiye anayepewa. Utaratibu huo umeufanya mtandao ukue kwa kasi, na umewafungulia mlango walanguzi wa majina: watu wanaosajili jina la mwenzao kwa makusudi ili wamuuzie kwa bei ya kumkomoa, wamzuie asilitumie, au wajifanye ndio yeye.

Niweke msimamo wangu wazi tangu hapa. Jina ni la aliyewahi, mpaka pale thamani yake inapotoka kwenye jasho la mtu mwingine. Kama watu wanalitafuta jina hilo kwa sababu wewe umepika chakula kizuri miaka kumi, au umesomesha watoto wakafaulu, basi aliyelisajili juzi anauza sifa yako. Sheria nyingi duniani zimefikia hukumu hiyohiyo. Ila kuipata haki hiyo kuna gharama, kuna muda, na kuna watu wanaoidai pasipo kuwa yao. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua aliyelishika ni mtu wa aina gani

Usianze kwa hasira. Fungua lookup.icann.org, andika jina kamili la kikoa, usome taarifa za usajili. Tangu kanuni za faragha za Umoja wa Ulaya zianze kutumika mwaka 2018, jina na anwani ya mmiliki kwa kawaida vinafichwa. Mambo matatu bado yanaonekana, na ndiyo muhimu: tarehe ya kusajiliwa, jina la kampuni iliyosajili, na hali ya kikoa. Kwa majina ya .ke tumia ukurasa wa kutafuta wa KeNIC, rajisi (daftari kuu la majina) ya Kenya; kwa .tz, rajisi iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.

Tarehe ndiyo ya kuisoma mara mbili. Kama kikoa kilisajiliwa 2009 na biashara yako ilifunguliwa 2018, aliyekisajili hakukujua na hakukulenga. Hata kama leo anakutajia bei kubwa, huna mlanguzi hapo, una muuzaji. Mashauri mengi hufia kwenye tarehe hiyo peke yake.

Kisha fungua tovuti yenyewe. Unaweza kukuta ukurasa mtupu, tangazo la kuuza, matangazo ya biashara ya washindani wako, nakala ya tovuti yako, biashara ya kweli ya mtu mwingine mwenye jina kama lako, au mteja aliyeudhika anayekukosoa. Kila moja ina njia yake, na mbili za mwisho mara nyingi si ulanguzi kabisa. Ingia pia kwenye hifadhi ya Wayback Machine ya Internet Archive uone kikoa hicho kilikuwa kinaonyesha nini miaka iliyopita.

Kama kikoa kilikuwa chako na muda wake umekwisha, harakisha, maana hapo saa inahesabu. Kwa .com na ndugu zake, msajili anaweza kukubakizia nafasi ya kuhuisha kwa hadi siku 45, ingawa wengine huanza kukinadi mnadani kabla siku hizo hazijaisha. Msajili akikifuta, zinafuata siku 30 za kukikomboa kwa faini, na kwenye hali ya kikoa utaona maandishi redemptionPeriod. Ukiona pendingDelete, umebakiwa na siku 5 na huwezi tena kukikomboa. Kinarudi sokoni, na programu za walanguzi zinakingoja hapo kwa sekunde. Ndani ya siku za ukombozi piga simu kwa msajili wako leo, ulipe faini hata kama inauma. Ni nafuu kuliko kila kitu kingine kilichomo kwenye mwongozo huu.

Hatua ya 2: Tenganisha biashara ya majina na ulanguzi

Kununua majina na kuyauza si dhambi wala kosa. Mwaka 2019 jina voice.com liliuzwa dola milioni 30, na aliyeuza hakumdhulumu mtu, kwa sababu neno hilo ni la kamusi na halikutegemea sifa ya kampuni yoyote. Kijana wa Mwanza akiona mbali na kusajili neno la kawaida la Kiswahili, kama samaki au mavuno, kisha akaliuza kwa faida, amefanya biashara halali. Nawatetea watu wa aina hiyo, maana nimeona wakiitwa wezi na watu waliochelewa tu.

Ulanguzi unaanza pale jina linapochaguliwa kwa sababu lina mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 Mmarekani aitwaye Dennis Toeppen alisajili zaidi ya majina 100, mengi yakiwa ya makampuni yaliyokuwa hayajaingia mtandaoni. Kwenye panavision.com aliweka picha za mji mdogo wa Pana ulioko Illinois, ili ionekane ana sababu yake, kisha akaitaka kampuni ya kamera ya Panavision dola 13,000. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ya Marekani ilimkatalia. Mwaka huohuo Uingereza, mahakama ilizishughulikia kesi za Marks & Spencer, Sainsbury, Virgin na wenzao dhidi ya watu waliokusanya majina yao na kuyatangazia bei; burgerking.co.uk lilitajiwa pauni 25,000. Mahakama ilisema jina la namna hiyo ni chombo cha udanganyifu hata kabla halijatumika, kwa kuwa halina kazi nyingine ya maana isipokuwa kumtisha mwenyewe au kuwapotosha watu.

Nissan nayo ina somo la upande wa pili. Mtu aliyeitwa Uzi Nissan, kwa jina la ukoo wake, alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta huko North Carolina. Kampuni ya magari ilimshtaki 1999 ikidai dola milioni 10. Kesi iliendelea kwa miaka, ikamgharimu mali na afya, lakini jina lilibaki lake mpaka alipofariki 2020. Naitaja kesi hii kwa sababu kila mwenye kampuni kubwa hudhani jina ni lake dunia nzima. Si hivyo. Akina Salim wako wengi, na maduka ya Salim vilevile.

Kundi moja linatuhusu sana sisi: mafundi na wauza bidhaa za chapa za watu. Unatengeneza simu za chapa fulani, unasajili kikoa chenye jina la chapa hiyo na neno fundi au spea. Je, ni halali? Tangu shauri la Oki Data la 2001, waamuzi wa migogoro ya vikoa huangalia mambo yafuatayo: kama kweli unauza bidhaa au huduma hiyo, kama tovuti inauza za chapa hiyo peke yake bila kumvuta mteja kwa jina moja na kumuuzia jina jingine, kama umeandika waziwazi kwamba wewe si kampuni yenyewe, na kama hujakusanya majina yote ya aina hiyo ukamfungia mwenyewe nje. Ukitimiza yote, una mguu wa kusimamia. Ukiweka nembo yao juu kabisa na kuandika "ofisi kuu Tanzania" wakati hawakujui, huna.

Nami naongeza jambo ambalo sheria hailipimi vizuri. Kumvamia mdogo ni kubaya kuliko kumvamia mkubwa. Kampuni kubwa ina mawakili na huwashinda walanguzi kila wiki. Kikundi cha akina mama wanaosuka ukili Pemba hakina. Ukiona jina la kikundi kama hicho liko wazi na unajua thamani yake, wapigie simu uwaambie walisajili. Mtu anayelishika na kuwadai shilingi milioni mbili anajua hawana pa kwenda, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Hatua ya 3: Pima shauri lako kwa masharti matatu

Kwa .com, .org, .net na majina mengine mengi ya kimataifa, utaratibu mkuu ni sera ya kutatua migogoro iitwayo UDRP, ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani, iliyopitishwa 1999. Kila anayesajili jina huikubali kwenye mkataba wake na msajili, hata kama hakuusoma. Ili ushinde lazima uthibitishe mambo matatu, yote, si mawili:

1. Kikoa kinafanana kabisa, au kwa kiasi cha kuwachanganya watu, na alama ya biashara ambayo una haki nayo.
2. Aliyekishika hana haki wala maslahi halali katika jina hilo.
3. Alikisajili kwa nia mbaya, na anakitumia kwa nia mbaya.

Sharti la kwanza linawaangusha wadogo wengi, kwa kuwa wana jina la biashara lakini hawana alama ya biashara. Ni vitu viwili. Cheti cha jina la biashara kinakuruhusu kufanya kazi kwa jina hilo. Alama ya biashara inakupa haki ya kumzuia mwingine. Hata hivyo alama isiyosajiliwa nayo huweza kukubaliwa, ukionyesha kwamba umma unalihusisha jina na wewe. Mwaka 2000 mwigizaji Julia Roberts alirudishiwa juliaroberts.com bila kuwa na alama iliyosajiliwa. Aliyelishika alikuwa amelinadi eBay na alikuwa na majina ya watu wengine maarufu. Mwaka huohuo mwanamuziki Sting alishindwa kuipata sting.com, kwani sting ni neno la kawaida la Kiingereza na mlalamikiwa alionyesha kuwa amekuwa akilitumia kama jina lake la utani. Jina lako likiwa neno la kamusi, kama Amani au Baraka, jiandae kwa kazi ngumu zaidi.

Sharti la tatu lina mambo mawili ndani yake. Sera inataja mifano ya nia mbaya: kusajili ili kumuuzia mwenye alama kwa bei inayozidi gharama halisi, kumzuia mwenye alama, ikiwa mtu ana mazoea hayo, kuvuruga biashara ya mshindani, na kuwavuta watu kwa kuwachanganya ili kujipatia fedha. Shauri la kwanza kabisa kuamuliwa, Januari 2000, lilihusu worldwrestlingfederation.com. Mlalamikiwa alilisajili, na siku chache baadaye akaliandikia shirikisho la mieleka akitaka dola 1,000. Hilo lilitosha. Na usidhani ukurasa mtupu humwokoa mtu: katika shauri la Telstra la mwaka 2000 ilikubaliwa kwamba kulikalia jina bila kulitumia kunaweza kuwa matumizi kwa nia mbaya, kama alama inajulikana sana na hakuna matumizi halali yanayofikirika.

Hatua ya 4: Angalia sheria ya nchi yako

Kenya ina kifungu cha moja kwa moja. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 28, inamtia hatiani anayechukua au kutumia kwa makusudi jina, jina la biashara, alama ya biashara au kikoa cha mtu mwingine bila idhini wala haki. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Vifungu kadhaa vya sheria hiyo vilisimamishwa na mahakama 2018, kisha Februari 2020 Mahakama Kuu ikaitetea sheria. Mabishano hayakuishia hapo, kwa hiyo muulize wakili hali ya kifungu siku unapotaka kukitumia.

Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina kosa linaloitwa hivyo, ila inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na ina makosa ya ulaghai na ya kuingilia hakimiliki na haki za ubunifu. Mvamizi akinakili tovuti yako na kupokea fedha za wateja wako, hiyo ni kazi ya polisi, usiipeleke kwenye malumbano ya kikoa peke yake. Kwa uvamizi wa kimyakimya, silaha ni Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986 na shauri la madai dhidi ya mtu anayefanya biashara akijifanya wewe. Kumbuka pia kwamba usajili wa alama BRELA unafanya kazi Bara tu. Mwenye hoteli Nungwi anatakiwa kusajili BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar. Watu wengi hawajui hili mpaka wamekwama. Kenya alama zinasajiliwa KIPI, Uganda URSB.

Marekani inatuhusu kwa sababu moja: rajisi ya .com, Verisign, iko Virginia. Sheria yao ya Novemba 1999 inamruhusu mwenye alama kukishtaki kikoa chenyewe huko pale mmiliki asipopatikana au akiwa nje ya uwezo wa mahakama zao. Ukimshtaki mtu mwenyewe badala ya kikoa, fidia inaweza kuwa dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila jina. Ni njia ya wenye fedha, lakini kuitaja kwenye barua wakati mwingine humlainisha mtu.

Hatua ya 5: Kusanya ushahidi kabla hujaandika neno lolote

Mlanguzi akipata barua yako, usiku huohuo anabadilisha ukurasa. Kwa hiyo piga picha za skrini kwanza, zenye tarehe na anwani kamili. Chapisha taarifa za usajili ziwe PDF. Kisha kusanya vya kwako: cheti cha alama, cheti cha biashara, risiti za zamani, picha za bango la duka, habari za magazeti, kurasa zako za Instagram na Facebook za miaka ya mwanzo, mikataba, matangazo ya redio. Unachotaka kuonyesha ni kwamba jina lilikuwa linakutambulisha wewe kabla ya tarehe ile ya kusajiliwa. Meseji za wateja waliopotea njia na kuishia kwenye kikoa cha mwenzako ni dhahabu, zitunze.

Hatua ya 6: Andika barua, na kuwa makini na neno bei

Mashauri mengi huishia kwenye barua moja iliyotulia. Usimtukane, usimtishie jela, na usianze kwa kuuliza anauza shilingi ngapi. Ukianza wewe, na yeye akajibu kwa kutaja bei, hoja yako ya nia mbaya inapungua nguvu. Microsoft iliwahi kumwandikia kijana wa Kanada aitwaye Mike Rowe, mwenye kikoa mikerowesoft.com, ikimtaka akiachie, na ikaahidi kumlipa dola 10 tu. Akaudhika, akataka 10,000, na kampuni ikaigeuza bei hiyo kuwa ushahidi dhidi yake. Umma ulimhurumia kijana, na mwisho walipatana kwa kumpa zawadi, mojawapo ikiwa mashine ya michezo ya Xbox. Pande zote mbili zina la kujifunza hapo.

Barua inaweza kuwa hivi:

"Tunaendesha biashara ya (aina) kwa jina la (jina) tangu mwaka (mwaka). Alama yetu imesajiliwa kwa namba (namba). Tumeona kwamba kikoa (anwani) kilisajiliwa tarehe (tarehe) na sasa kinaonyesha (maelezo). Hatujakupa idhini ya kulitumia jina hili. Tunakuomba ukihamishie kwetu ndani ya siku 14. Tutakurudishia gharama halisi za usajili ukituonyesha risiti. Muda huo ukipita bila jibu, tutafuata njia za kisheria bila kukuarifu tena."

Ahadi ya gharama halisi imewekwa kwa sababu: sera inapima nia mbaya kwa bei inayozidi gharama hizo. Akikataa fedha zake halali na kutaka mara mia, ameandika ushahidi kwa mkono wake.

Ukiamua kununua, nunua kwa hesabu. Kufungua shauri WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani linaloamua migogoro hii, ni dola 1,500 kabla ya wakili. Akitaka 300, wengi wangelipa, na siwalaumu, ingawa kila anayelipa anamlisha mlanguzi wa kesho. Usitume fedha moja kwa moja kwa M-Pesa au benki ukisubiri uhamisho. Tumia kampuni ya kati inayoshika fedha mpaka jina liingie kwenye akaunti yako.

Hatua ya 7: Fungua shauri

Malalamiko ya UDRP yanapelekwa kwa mojawapo ya vituo vilivyoidhinishwa na ICANN. Kikubwa na maarufu ni cha WIPO, Geneva, ambacho kilipokea mashauri 6,192 mwaka 2023. WIPO hupokea pia mashauri ya .tz na ya .ug. Kwa .ke, anza na utaratibu wa KeNIC wa kutatua migogoro.

Kila kitu ni kwa barua pepe. Husafiri, hupandi kizimbani. Malalamiko hayazidi maneno 5,000 na yanaandikwa kwa lugha ya mkataba wa usajili, mara nyingi Kiingereza. Ada ya dola 1,500 ni kwa majina 1 hadi 5 yaliyoshikwa na mtu mmoja, mbele ya mwamuzi mmoja. Ukitaka jopo la watu watatu ni dola 4,000. Kituo kikipokea malalamiko, msajili hukifunga kikoa kisihamishwe. Mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu. Mwamuzi akishateuliwa, uamuzi hutoka ndani ya siku 14 kwa kawaida, na shauri zima huchukua kama miezi miwili. Ukishinda, msajili husubiri siku 10 za kazi, mlalamikiwa apate nafasi ya kwenda mahakamani, kisha anakuhamishia.

UDRP haitoi fidia hata senti. Unapata jina au linafutwa, basi. Omba uhamisho, usiombe kufutwa, kwa sababu jina lililofutwa linarudi sokoni.

Na usifungue shauri unalojua huna. Waamuzi wana mamlaka ya kutangaza kwamba mlalamikaji ametumia utaratibu kwa hila ili kumpora mtu jina lake halali, na tamko hilo linachapishwa na kubaki hadharani kwa jina la kampuni yako. Kama wewe ndiye unayelalamikiwa, jibu ndani ya siku zile 20 hata kama huna wakili: eleza ulilisajili lini, kwa nini, umelifanyia nini, na uambatanishe vithibitisho. Wanaonyamaza hushindwa karibu kila mara.

Pale aliyelishika anapokuwa fundi wako

Kwetu, hili ndilo tatizo nililokutana nalo zaidi kuliko walanguzi wa mbali. Mwenye biashara anamlipa kijana amtengenezee tovuti. Kijana anasajili kikoa kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa kuwa ni rahisi, na mteja hajui tofauti ya kikoa na tovuti. Miaka mitatu baadaye wanakosana juu ya ada ya kuhuisha, au kijana anahama nchi, na biashara nzima, pamoja na barua pepe zake, iko kwenye akaunti ya mtu mwingine. Wengine hufanya hivyo kwa uzembe. Wengine hufanya kwa makusudi, ili mteja asiweze kuondoka, na huo naona ni ulanguzi uleule uliovaa nguo za huduma.

Ugumu ni kwamba UDRP haikutengenezwa kwa ajili ya hili. Mwamuzi akiona mgogoro ni wa mkataba na malipo, mara nyingi hulikataa shauri na kuwaelekeza mahakamani. Kwa hiyo fuata njia hii. Kwanza lipa deni lililo halali, ili asiwe na kisingizio. Pili, omba kwa maandishi msimbo wa uhamisho, yaani nywila ya kukihamishia kikoa kwenye akaunti nyingine, na umtake asaini kukiri kwamba alisajili kwa niaba yako. Tatu, mpelekee msajili risiti, mkataba, meseji za WhatsApp ulizomwagiza, na cheti cha biashara. Wasajili wengi wa hapa nyumbani, wakiona ushahidi, husaidia kuwapatanisha. Mahakama iwe mwisho.

Kwa kazi mpya, weka aya hii kwenye mkataba kabla ya kulipa hata malipo ya awali:

"Kikoa kitasajiliwa kwa jina na barua pepe ya Mteja. Mteja ndiye mmiliki wake tangu siku ya kusajiliwa, hata kama malipo ya kazi nyingine hayajakamilika. Fundi atampa Mteja nywila ya akaunti na msimbo wa uhamisho ndani ya siku 3 baada ya kuombwa."

Fundi mwaminifu atasaini bila kusita.

Jikinge mapema

Sajili jina siku unapolichagua, kabla ya kuchapisha bango na kabla ya kulitangaza redioni. Chukua .com kama liko wazi, pamoja na la nchi yako, .co.tz, .tz, .co.ke au .ke. Ongeza tahajia moja au mbili ambazo watu hukosea, na jina lenye kistari na lisilo nacho. Usinunue majina thelathini; hakuna mwisho, na fedha hiyo ina kazi nzuri zaidi kwenye kusajili alama ya biashara.

Barua pepe ya akaunti ya msajili isiwe ile iliyo kwenye kikoa hichohicho. Kikoa kikisimama, barua pepe nayo inakufa, na huwezi kupokea ujumbe wa kukihuisha. Washa uthibitisho wa hatua mbili, funga uhamisho, weka malipo ya kujirudia, na uangalie kama kadi iliyofungwa hapo bado inafanya kazi. Namba ya simu iliyoandikwa humo iwe unayoishika.

Ukishalipata

Jina likirudi, lina mabaki ya mwenzako. Futa mipangilio yote ya DNS aliyoiacha, yaani maelekezo ya wapi tovuti na barua pepe za kikoa ziende, hasa ya barua pepe, uandike yako upya. Angalia kama kikoa kimewekwa kwenye orodha za watuma barua taka, maana wengine huyatumia majina ya watu kwa ulaghai kabla ya kuyaachia. Ukikikuta humo, omba kuondolewa kwa kuambatanisha uamuzi. Huisha usajili kwa miaka mingi kwa mkupuo, kwa .com mwisho ni miaka 10. Kisha waandikie wateja, kwa namba na kurasa wanazozijua tayari, uwaeleze kwamba ujumbe wowote uliotoka kwenye anwani hiyo kabla ya tarehe ya kukabidhiwa haukuwa wako, na kama kuna aliyelipa fedha kupitia huko akuletee risiti, uzijumuishe kwenye taarifa utakayopeleka polisi.